Viputo na Kitabaka cha Unene wa Unywele

Chukua tangi lenye salfeti ya shaba iliyoyeyushwa kwenye asidi ya salfuriki, tumbukiza mabamba mawili ya metali, washa umeme. Shaba itaanza kujipanga kwenye kathodi, yaani lile bamba lililounganishwa na upande hasi. Ongeza mkondo wa umeme mara mbili, na shaba itaongezeka mara mbili, kama Michael Faraday alivyoonyesha miaka ya 1830. Umeme wote ukienda kwenye shaba, ampea 1 kwa saa 1 huleta karibu gramu 1.19, wala haibadiliki.

Endelea kuongeza. Kuna mahali utafika ambapo hesabu hiyo inaonekana kugoma. Mita ya umeme inazunguka, tangi linapata joto, lakini shaba haiongezeki tena. Bamba lililokuwa na rangi nzuri ya waridi linageuka jeusi, linaota miiba, au linafunikwa na unga unaopukutika ukiugusa kwa kidole. Haidrojeni inaanza kutoka mahali ambapo hukuitaka. Umeme upo, na shaba imejaa tele kwenye kioevu. Kilichokosekana ni usafiri: ioni za shaba, yaani chembe za shaba zenye chaji ya umeme, hazifiki kwenye bamba kwa kasi ambayo umeme unazidai.

Hiyo ndiyo shida ambayo wahandisi huiita uhamaji wa maada, na mojawapo ya dawa zake za zamani na za bei nafuu ni kupuliza gesi chini ya tangi ili viputo vikoroge. Dawa inafanya kazi. Ila watu wengi wanaoitumia wana picha isiyo sahihi ya kile kinachokorogwa, na picha hiyo huwafanya wapulize gesi nyingi kuliko inavyofaa, mahali pasipofaa.

Safari ya mwisho ya ioni

Ioni husafiri kwa njia tatu. Inaweza kusukumwa na uga wa umeme, inaweza kubebwa na kioevu kinachotembea, au inaweza kusambaa yenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uhaba, jambo liitwalo difusheni. Kwenye tangi lenye asidi nyingi, asidi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya umeme, kwa hiyo njia ya kwanza huisaidia shaba kidogo tu. Katikati ya tangi, njia ya pili inatawala: kioevu kikitembea, ioni nazo zinatembea.

Karibu na bamba mambo hubadilika. Kioevu chenye mnato kikigusa ukuta hushikamana nao. Ukisogea kuelekea kwenye bamba, kasi ya kioevu inapungua, inapungua, mpaka inakuwa sifuri kabisa penye uso wenyewe. Kwa hiyo hata ukikoroga namna gani, kipande cha mwisho cha safari ioni hukimaliza kwa difusheni peke yake. Mwaka 1904 Walther Nernst alipendekeza tukichukulie kipande hicho kama kitabaka kilichotulia chenye unene maalumu. Kwa kweli hakina mpaka uliokatwa kwa kisu, lakini wazo hilo limebaki kwa sababu linarahisisha hesabu bila kupotosha sana.

Unene wake ni kiasi gani? Kwenye tangi la shaba lisilokorogwa, ni kama milimita 0.1 hadi 0.2. Unywele wa kichwani.

Hapa inafaa tupige hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini unywele huo unatawala kiwanda kizima. Mgawo wa difusheni wa ioni ya shaba, yaani kipimo cha wepesi wake wa kusambaa, ni karibu 6 × 10⁻¹⁰ m²/s. Kwa kasi hiyo, ioni huvuka milimita 0.1 kwa sekunde 8 hivi. Ingelazimika kuvuka sentimita 2.5 kwa difusheni tupu, ingechukua takribani siku 6, kwa sababu muda hukua kwa mraba wa umbali. Sasa gawanya mgawo wa difusheni kwa unene wa kitabaka. Unapata mikromita 6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa sekunde, na huo ndio mgawo wa uhamaji: kasi ambayo kioevu chenye shaba ni kama kinaletwa mlangoni. Kwa kioevu chenye gramu 45 za shaba kwa lita, kasi hiyo inaruhusu mkondo usiozidi ampea 820 hivi kwa kila mita ya mraba. Hiyo ndiyo dari. Wahandisi huuita mkondo wa kikomo.

Viwandani hakuna anayefanya kazi karibu na dari. Ukisogelea kikomo, kila kinundu kidogo kwenye bamba kinachojitokeza kuelekea penye shaba nyingi hupata shaba zaidi ya jirani zake, kinakua, kinajitokeza zaidi, na mwisho kinakuwa mwiba unaoweza kufika upande wa pili na kuunganisha mabamba. Ndiyo maana kawaida ya kazi ni ampea 250 hadi 350 kwa mita ya mraba, karibu theluthi ya kikomo. Punguza unene wa kitabaka nusu, dari inapanda mara mbili, na nafasi ya kufanya kazi kwa usalama inapanda pamoja nayo. Tangi lile lile, mabamba yale yale, shaba zaidi kwa siku.

Kabla ya kuita viputo, kumbuka kwamba hata tangi lililoachwa peke yake halijatulia. Kioevu kilichoporwa shaba kando ya kathodi ni chepesi kuliko jirani yake, kwa hiyo kinapanda polepole, na kingine kinaingia mahali pake. Mkondo huo wa asili wa kioevu ndio unaoleta ile milimita 0.1. Kwa hiyo viputo havishindani na utulivu. Vinashindana na mkondo ambao maumbile yanautoa bure, na lazima viushinde kwa kiasi kinachostahili gharama yake.

Kiputo kimoja, karibu

Tuangalie kathodi inayotoa haidrojeni. Atomu za haidrojeni zikiungana, molekuli zake kwanza huyeyuka kwenye kioevu kilicho karibu, mpaka kioevu hicho kinashiba na kupita kiasi. Kiputo hakizaliwi popote tu. Kinatafuta mkwaruzo, kishimo, ufa mdogo usioonekana kwa macho, mahali ambapo gesi kidogo ilikuwa imejificha tangu mwanzo. Kinaanza kuvimba. Kadiri kinavyovimba kinasukuma kioevu kilichokizunguka kwenda pembeni na nje, ndani kabisa ya kile kitabaka cha unene wa unywele ambacho hakuna kikorogeo cha mkono wala pangaboi kinachoweza kukifikia.

Kiputo kinapofika kipenyo cha makumi ya mikromita, kani eleo, yaani nguvu inayokisukuma juu, na mkondo wa kioevu vinashinda nguvu iliyokishikilia, nacho kinachomoka. Nafasi kiliyoiacha haibaki tupu hata kwa muda mfupi. Kioevu kinaingia kwa kasi kuijaza, na kioevu hicho kinatoka nje ya kitabaka, kikiwa na shaba yake kamili. Penye eneo hilo dogo kitabaka kimefutwa. Kinaanza kujijenga upya kutoka sifuri, kwanza kikiwa chembamba mno, kisha kikinenepa, mpaka kiputo kinachofuata kichomoke.

Kinachoamua ni muda kati ya kiputo kimoja na kingine. Ikiwa eneo linafagiliwa kila sekunde 1, hesabu inatoa mgawo wa uhamaji wa karibu mikromita 28 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya ule wa tangi lililoachwa. Likifagiliwa kila sehemu ya kumi ya sekunde, unafika mikromita 87 hivi, zaidi ya mara 14. Hakuna pampu ya kawaida inayoleta hivyo kwenye tangi pana. Wataalamu walibishana kwa miaka kuhusu kilicho na nguvu zaidi, ile sukuma ya kuvimba au ile jaza ya kuchomoka. Norbert Ibl na wenzake huko Zürich walijenga hesabu zao juu ya kuchomoka, Helmut Vogt akasisitiza kuvimba. Kwa anayeendesha tangi tofauti hiyo ni ndogo: vyote viwili hutokea palepale kwenye uso, na vyote viwili huongezeka gesi inayozaliwa hapo ikiongezeka.

Shida yake ni kwamba gesi hiyo inalipiwa kwa umeme. Kila ampea iliyotengeneza haidrojeni kwenye kathodi ni ampea ambayo haikuleta shaba. Ndiyo maana kwenye kazi ya metali nyingi watu wanataka kukorogwa bila kulipa kwa ampea, na hapo ndipo bomba la hewa linapoingia.

Viputo vya bomba ni wanyama wengine

Viputo vinavyotoka kwenye bomba lenye vitundu chini ya kathodi vina kipenyo cha milimita 1 hadi 5. Havizaliwi kwenye uso wa bamba na mara nyingi haviugusi. Haviwezi kufanya ule ufagiaji wa ndani. Vinachofanya ni mambo mawili. Kwanza, kila kiputo kinapopanda kinaacha nyuma yake vurugu ya kioevu kinachozunguka, na vurugu hiyo ikipita kando ya bamba inakimega kitabaka. Pili, na hili ndilo kubwa, gesi ikijaa asilimia 5 ya nafasi kati ya mabamba, mchanganyiko huo unakuwa mwepesi kwa asilimia 5 kuliko kioevu kilicho pembeni. Tofauti hiyo inaendesha mzunguko mzima: kioevu kinapanda pamoja na viputo, kinashuka mahali pasipo na viputo, na kinapita usoni mwa bamba kwa kasi ambayo mkondo wa asili hauioti.

Ukubwa wa kiputo hubadilisha kila kitu. Kiputo cha mikromita 50 hupanda kwa karibu milimita 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye tangi lenye kina cha mita 1 kitachukua dakika 12 kufika juu. Cha milimita 3 hupanda kwa zaidi ya sentimita 20 kwa sekunde na kinamaliza safari ile ile ndani ya sekunde 5. Vile vidogo vinazurura kama ukungu na kufuata kioevu kokote kiendako. Vile vikubwa vinapita haraka, vinakoroga, vinaondoka. Anayepuliza hewa ili kukoroga kwa kawaida anataka vikubwa kiasi, si vumbi la viputo. Nimeona ushauri unaosema vitundu viwe vidogo iwezekanavyo ili kuongeza eneo la viputo. Huo ni ushauri wa kuyeyusha gesi kwenye maji, kazi tofauti kabisa.

Kuna mtego mwingine hapo kwa anayefanya majaribio. Maji matupu na maji ya chumvi havitoi viputo sawa. Chumvi nyingi zikiyeyushwa kwa kiasi cha kutosha huzuia viputo visiungane vinapogongana, kwa hiyo bomba lile lile litatoa viputo vikubwa kwenye maji ya bomba na mawingu ya viputo vidogo kwenye elektroliti halisi, yaani kioevu cha tangi chenye chumvi na asidi. Anayepima mfumo wake kwa maji ya kawaida kwa sababu asidi inaudhi, anapima mfumo mwingine.

Gesi ngapi?

Jibu linawashangaza wengi: kidogo kuliko unavyofikiri. Kazi ya kundi la Zürich miaka ya 1970 ilionyesha kwamba tangi linalopulizwa gesi linafanana kihesabu na mkondo wa asili, isipokuwa tofauti ya uzito sasa inatoka kwenye gesi badala ya shaba iliyopungua. Katika hesabu ya aina hiyo mgawo wa uhamaji hufuata takribani mzizi wa tatu wa kiasi cha gesi kilichojaa kwenye kioevu. Ongeza gesi hiyo mara mbili, mgawo unapanda kwa asilimia 26 tu. Ili kuuongeza mara mbili unahitaji gesi mara 8.

Maana yake ni kwamba faida kubwa inapatikana mwanzoni kabisa. Kutoka bila hewa hadi hewa kidogo iliyosambazwa vizuri, kitabaka kinashuka kutoka milimita 0.1 na zaidi hadi kwenye makumi machache ya mikromita. Kutoka hewa ya kutosha hadi hewa nyingi, unapata kelele, ukungu wa asidi, na nyongeza ndogo. Tangi linalochemka kama sufuria linamfurahisha anayelitazama kutoka juu, lakini kitabaka kinachojali kiko kwenye uso wa bamba, na hapo tangi linalobubujika kwa upole na kwa usawa mara nyingi linalishinda lile linalotapika upande mmoja.

Usawa ndio neno zito hapa. Shaba mbaya haitokei kwa sababu wastani wa tangi ni mdogo. Inatokea pale pabaya kuliko pote. Kama nusu ya bamba inapata hewa na nusu haipati, mkondo unaoruhusiwa ni ule wa nusu isiyopata. Kwenye matangi ya kuvuna shaba kutoka kwenye kioevu, anodi zenyewe, yaani mabamba ya upande chanya, hutoa oksijeni, na oksijeni hiyo ikipanda hukoroga bure. Lakini hujikusanya kadiri inavyopanda, kwa hiyo sehemu ya juu ya kathodi inafaidi kuliko ya chini. Hewa ya bomba inayoanzia chini kabisa inaziba pengo hilo.

Bomba lenyewe

Makala nyingi hupita hapa haraka, nami naona ndipo kazi inapoharibikia. Bomba la hewa linakaa chini ya ukingo wa kathodi, karibu na uso unaotaka kuuhudumia, si katikati ya tangi na si chini ya anodi. Kwenye matangi ya kusafishia shaba, ambako anodi ni shaba chafu inayoyeyuka, anodi huacha tope sakafuni lenye dhahabu, fedha na uchafu mwingine, na ukilivuruga tope hilo kwa hewa utalikuta limenasa ndani ya kathodi. Hilo peke yake linatosha kuwafanya wengi wasipulize hewa huko, na wako sahihi.

Vitundu kwa kawaida hutobolewa vikitazama chini kwa pembe, ili uchafu usivijaze hewa ikizimwa. Hewa husambaa sawasawa endapo tu kizuizi cha kila kitundu ni kikubwa kuliko kizuizi cha kusafiri kwenye urefu wa bomba. Vinginevyo vitundu vya mwanzo vinakula hewa yote na vya mwisho vinalala. Kwa hiyo vitundu vikubwa vingi kwenye bomba jembamba ni mpangilio mbaya, hata kama hewa inaonekana kutoka kwa wingi.

Halafu kuna chumvi. Hewa kavu ikipita kwenye kitundu hunyonya maji kutoka kwenye kioevu kilichokigusa. Maji yakiondoka, salfeti ya shaba au jasi hubaki, punje juu ya punje, mpaka kitundu kinaziba kwa fuwele ya buluu iliyo ngumu kama jiwe. Bomba lililokuwa sawa mwezi uliopita linaanza kupuliza nusu yake bila mtu kugundua, kwa sababu juu ya tangi bado kunabubujika. Dawa ni kuilowesha hewa kabla haijaingia, kwa kuipitisha kwenye maji, na kusafisha bomba kwa maji kila mara. Hewa itoke kwenye kipulizio cha shinikizo dogo, isitoke kwenye kompresa yenye mafuta. Kina cha mita 1.2 cha elektroliti kinahitaji kilopaskali 14 hivi kukishinda, chini ya sehemu ya saba ya shinikizo la angahewa. Na tone la mafuta linalofika kwenye tangi la kupaka nikeli ya kung'aa litaonekana kwenye kila kipande kitakachotoka humo.

Gharama ya umeme wa kupuliza ni ndogo. Mita za ujazo 10 za hewa kwa saa dhidi ya kilopaskali 14 ni wati 40 za kazi halisi. Hata kipulizio kibovu hakitazidi wati 100 na kitu. Tangi la ampea 10,000 kwa volti 2 linakula kilowati 20. Ukikataa hewa, usiikatae kwa sababu ya bili yake.

Sababu za kweli za kuikataa

Gesi haipitishi umeme. Viputo vinapojaa kati ya mabamba vinapunguza njia ya mkondo, na fomula inayotumika sana, ile ya Bruggeman, inasema gesi ikiwa asilimia 10 ya nafasi, upitishaji unashuka hadi asilimia 85 ya kawaida. Ikiwa asilimia 30, unashuka hadi 59. Voltiji inapanda, na umeme wa ziada unageuka joto. Kwa asilimia 2 au 3 hupati shida. Ni pale watu wanapofungua vali mpaka mwisho ndipo wanapolipa mara mbili: mzizi wa tatu unawanyima faida, na viputo vinawatoza volti.

Kwenye seli za alumini, ambako utaratibu uliovumbuliwa mwaka 1886 bado unatumika, ugomvi huo unaonekana waziwazi. Kaboni dioksaidi inazaliwa chini ya anodi za kaboni, kwenye umajimaji wa nyuzi 960 hivi za Selsiasi. Viputo hivyo ndivyo vinavyokoroga alumina (oksidi ya alumini) iyeyuke na joto lisambae. Lakini anodi imelala bapa, kwa hiyo gesi inajibandika chini yake kama shuka na kuzuia umeme. Wahandisi walichonga mifereji kwenye anodi ili gesi ikimbie mapema. Hawakutaka kuiondoa, walitaka tu isikae.

Sababu ya pili ni ukungu. Kiputo kikipasuka juu ya kioevu hurusha matone madogo sana, na matone ya asidi yanaelea hewani mpaka kwenye mapafu ya wafanyakazi na vyuma vya paa. Kuvuna shaba kulikuwa na tatizo hili tangu mwanzo kwa sababu ya oksijeni ya anodi. Hewa ya bomba inaliongeza. Mipira ya plastiki inayoelea, dawa za kupunguza mvutano wa uso, na vifuniko vyenye mivuto ya hewa vinasaidia, lakini vyote vinatakiwa vihesabiwe kabla bomba halijawekwa.

Ya tatu ni kemia, nayo haina mjadala. Hewa ni oksijeni na kaboni dioksaidi pia. Kwenye tangi la kupaka bati, oksijeni inageuza bati la chaji 2 kuwa la chaji 4, lisilo na faida hapo, na tope linajaa. Kwenye matangi ya kupaka metali yanayotumia sianidi, kaboni dioksaidi inajenga kaboneti mwezi baada ya mwezi. Hapo koroga kwa kusogeza mabamba au kwa pampu. Na tangi lililofungwa linalotoa haidrojeni lisipulizwe hewa bila hesabu: haidrojeni hushika moto kuanzia asilimia 4 hewani, na kubaki kwenye asilimia 1 kunahitaji hewa karibu mara 100 ya haidrojeni yenyewe. Kama huwezi kuhakikisha hivyo, tumia naitrojeni.

Kuupima unywele

Kitabaka hakionekani, lakini kinapimika kwa kifaa cha bei ndogo. Unachukua feri-sianidi na fero-sianidi ya potasiamu, unaziyeyusha kwenye soda kali, unaweka elektrodi (mabamba ya kupitishia umeme) za nikeli. Mmenyuko wake ni wa haraka na hauachi kitu juu ya bamba, kwa hiyo uso haubadiliki wakati unapima. Unapandisha voltiji polepole na kutazama mkondo. Unapanda, kisha unalala bapa kama meza. Kimo cha meza hiyo ndicho mkondo wa kikomo, na kutoka hapo kitabaka kinapatikana kwa kugawanya tu. Mfano: uso wa sentimita 10 za mraba, feri-sianidi mili-moli 5 kwa lita, meza ikiwa miliampea 10. Mgawo wa uhamaji unatoka mikromita 21 kwa sekunde, na kitabaka mikromita 34 hivi. Puliza kwa naitrojeni wakati wa kupima, maana oksijeni ya hewa nayo hupokea elektroni na kuipinda meza. Na mchanganyiko huo usikutane na asidi kamwe.

Ukipachika vipande vidogo vya nikeli kwenye bamba kubwa, kila kimoja na waya wake, unapata ramani: hapa kitabaka ni mikromita 30, pale 90. Ramani hiyo ina thamani kuliko wastani wowote, kwa sababu inakuambia kitundu gani kimeziba.

Pale ambapo dari iko chini sana

Nilianza na tangi lenye gramu 45 za shaba kwa lita. Sasa chukua maji machafu ya kiwandani yenye miligramu 50 kwa lita. Hata kwa mgawo mzuri wa mikromita 10 kwa sekunde, mkondo wa kikomo ni ampea 1.5 kwa mita ya mraba. Hewa ikiuinua mara 5, unafika 7.6. Bado ni kidogo mno. Hapo viputo peke yake haviokoi kazi. Unahitaji uso mkubwa ndani ya nafasi ndogo, kama nyuzi za kaboni au kitanda cha punje, na ndani ya kitanda kama hicho gesi inageuka adui kwa kuziba vinjia. Vivyo hivyo kwenye seli za mabamba yaliyobanana kwa milimita chache: kiputo cha milimita 3 kitakaa humo kama kizibo, na pampu pamoja na wavu wa plastiki wa kuvuruga mkondo vinafanya kazi vizuri zaidi.

Kuna kazi moja ambamo gesi si mkorogaji tu, ni malighafi: kutengeneza peroksaidi ya haidrojeni kwa kuipa oksijeni elektroni 2 kwenye kathodi ya kaboni. Maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 25 yana miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Hata kitabaka kikikondeshwa hadi mikromita 50, dari ni ampea 2 kwa mita ya mraba. Ukibadilisha hewa kwa oksijeni safi unapata kama 10. Kila kiputo hapo kinafanya kazi mbili, kukoroga na kujaza upya kilicholiwa, na bado havitoshi. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye kathodi zenye vinyweleo zinazopitisha gesi kutoka nyuma, ambako oksijeni inafika kwenye uso bila kulazimika kuogelea, na mamia ya ampea kwa mita ya mraba yanawezekana. Seli hizo hazina bomba chini yake.